Kigari cha Mtoto, Mizigo ya Ukoo

Upareni hakuna gari dogo. Kuna gari lililojaa, na kuna gari ambalo ndugu bado hawajapata habari zake. Kule Dar es Salaam mtu anaweza kumnunulia mwanawe kigari, kikalala getini, kikaamka, kikaenda chuoni na kurudi, mwaka ukaisha hakijabeba kitu kizito kuliko begi la kompyuta. Hapa Same, kabla hujakifuta vumbi la safari, simu imeshaita: kuna mjomba anauliza kama kiti cha nyuma kinalala, maana ana mikungu ya ndizi imekwama Mbaga tangu juzi na mwenye Noah anamtajia bei za kitalii.

Nayasema haya kwa uchungu wa mzazi. Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, nyumbani kwangu hapaongelewi kitu kingine ila magari, na gari lenyewe halipo. Aliyeyaanzisha ni dada yangu anayeishi Dar. Siku ya mahafali ya binti yangu alishika maikrofoni, mbele ya keki na watu wazima wenye akili zao, akatangaza kwamba mtoto wa kaka yake akipata daraja la kwanza atamnunulia “kagari kadogo ka kuanzia maisha”. Ukumbi ukapiga vigelegele. Mimi nikapiga hesabu. Mtoto naye, kwa ukaidi aliourithi kwa mama yake, akapata daraja la kwanza. Nawashukuru walimu wake, ingawa wangeweza kunihurumia kidogo.

Shangazi ni mtu wa neno lake, hela alituma. Ila alituma hela ya gari, hakutuma hela ya mambo ya gari. Bima, kubadili kadi, matairi, mafuta, fundi, na soda za wageni watakaokuja kulitazama, hayo yote alisema ni ya “baba mwenye mtoto”.

Nikaanza kwa kutafuta kinga kwenye sheria. Binti ametimiza miaka 18, na huo ndio umri ambao sheria yetu ya usalama barabarani, ile ya mwaka 1973, inakubali kumkabidhi mtu usukani wa gari. Kwanza leseni ya kujifunzia, daraja H, na kibao chenye L mbele na nyuma. Akishafuzu na kujaribiwa na trafiki anapewa daraja D la gari binafsi, shilingi 70,000 kwa miaka mitano. Nimepekua nikitafuta kifungu kinachosema mtoto ambaye baba yake ana presha asubiri mpaka afikishe thelathini. Hakipo. Wabunge wanakaa Dodoma miezi yote ile, jambo la msingi kama hilo hawajalifikia.

Halafu ajifunzie wapi? Mji wetu umekaa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, na mabasi ya masafa marefu yanapotukaribia huwa yana deni la muda. Dereva katoka Mombo, kapita Hedaru, kapita Makanya, na kila kijiji kina kibao cha 50. Mbele kidogo ya kibao kuna mgunga, na chini ya mgunga kuna askari na tochi. Kosa moja, shilingi 30,000. Sasa mtu aliyejizuia hivyo tangu asubuhi akiona lami imenyooka na tochi haipo, mbele yake kuna nini? Kuna binti yangu, kibao cha L mgongoni, spidi ishirini, ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayezuia mlango usifunguliwe. Honi ya basi la abiria ikilia nyuma yako hapo, unakumbuka dhambi ambazo hata hukuzitenda wewe.

Shule yake ya udereva ina pikapu moja ya gia za mkono, kuukuu kiasi kwamba namba yake inaanzia A. Kwa wasiojua, hapa nchini umri wa gari hauulizwi, unasomwa kwenye namba. Namba A ni mzee wa kanisa, namba B ana wajukuu, namba C ni mtu mzima anayejitunza, namba D bado anajisikia, na namba E hasalimii watu. Mwalimu wao ni mtu wa makamo aliyewahi kuendesha malori ya Kongo. Haongei sana. Somo alilolirudia mpaka binti akawa analisema usingizini ni moja tu: mlima unaushuka na gia uliyoupandia. Mambo ya alama za barabarani aliwaachia wakasome wenyewe kwenye kitabu.

Wakati mtoto anajifunza, ukoo ukaitisha kikao. Watani zetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Huo ni uzushi. Siku hizi tunadaiana kwenye kundi la WhatsApp na ng'ombe tunabaki naye. Lakini jambo zito kama gari halijadiliwi kwa kuandika. Watu walikuja wenyewe, wakakaa, wakala makande, wakasafisha koo.

Kaka mkubwa alisema Land Rover 109. Kila Mpare aliyevuka miaka hamsini ana Land Rover moja moyoni mwake, na hakuna gari litakalokuja kuiondoa humo. Ndizo zilizokuwa zikipandisha watu Gonja, Mamba na Vudee, abiria ndani, abiria juu, kuku chini ya viti, utingo akining'inia nyuma na gogo la kuzuia tairi. “Haikuwahi kukwama,” alisema kaka, macho yamemlegea. Mimi nilikuwepo. Nakumbuka nikisukuma. Nakumbuka padri akisukuma. Nakumbuka hata mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali akishushwa asukume, akapona njiani. Lakini kaka hayo hayakumbuki. Yeye alikuwa mbele na dereva. Nikamuuliza mtoto wa kike wa miaka 18, mwembamba vile, ataikanyaga vipi klachi ya 109. Akajibu kwamba ndiyo itamnenepesha.

Mama watoto alisema Suzuki Carry, ile ambayo nchi nzima inaiita Kirikuu. Yeye hununua tangawizi kutoka Mamba Miamba akaiuza mjini, na kwa miaka mingi amekuwa akililia usafiri wake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa nzuri: mafuta inanusa tu, spea zipo, mtoto atajifunza kuendesha huku gari linaingiza hela. Tatizo la Kirikuu ni kwamba haina pua. Unakaa juu ya tairi la mbele, na magoti yako ndiyo bampa. Nikasema mwanangu wa kwanza kupata daraja la kwanza katika ukoo huu hawezi kutangulia kwenye ajali kabla ya gari. Mama watoto akanyamaza ule unyamavu ambao mwenye ndoa anaujua.

Shemeji akasema Noah. Ukimuuliza shemeji dawa ya kichwa atakutajia Noah. “Ukipata msiba, mnakwenda wote.” Nikamwambia gari ni la mtoto anayejifunza. Akasema hata mtoto hupata msiba.

Binti mwenyewe alipoulizwa, kwa adabu zote, akatoa simu akatuonyesha Mark X nyeusi iliyoshushwa chini mpaka chupa ya maji isingepita uvunguni. Kwa barabara ya Mwembe ile ingekwenda kwa tumbo. Kaka mkubwa akaitazama kwa muda, akauliza kama imepata pancha magurudumu yote manne.

Na mimi? Mimi nilitaka Passo. Sioni haya. Ni gari la mviringo lenye sura ya mtu aliyelelewa vizuri. Haliwezi kukimbia hata likitukanwa. Mtoto anayeanza anahitaji gari linaloona aibu kulipita basi. Tena anahitaji gari analoweza kuona mwisho wake akiwa amekaa, kwa sababu dereva mpya hagongi kwa mbele, anagonga kwa kona ya nyuma akitoka getini. Na nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitangaza kikaoni, ingawa kila aliyekuwepo aliijua: kodi.

Mtu wa Upareni na kodi wana historia. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakaja kukaa hapa hapa Same, mbele ya ofisi za mkoloni, wakikataa kodi iliyoitwa mbiru, ambayo ilikuwa ikimpimia kila mtu kiwango chake kwa mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Hawakupigana. Walikaa tu, miezi, chakula kikiletwa kutoka nyumbani. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, aliandika kitabu kizima juu ya hilo, kikatoka mwaka 1971. Mimi ni mjukuu wa watu hao, na nilipofungua kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika nilihisi kabisa kwamba natakiwa kwenda kukaa mahali.

Hesabu zenyewe ziko hivi. Ukiagiza gari Japani, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1000 ni sifuri, hapo mpaka cc 2000 ni asilimia 5, ikizidi hapo ni 10. Sasa Passo ndogo, ile watu wanayoiita cc 990, inapita mlango wa sifuri ikiwa imeinamisha kichwa. Nikashangilia. Nikateremka mstari mmoja chini. Gari lililozidi miaka kumi tangu litengenezwe linatozwa uchakavu, asilimia 30. Juu ya vyote hivyo ndipo VAT ya 18 inapokuja kukaa, na inahesabiwa kwenye jumla, yaani unalipia kodi kodi. Kwa hiyo serikali inasema nunua dogo, lakini lisiwe zee. Na Mjapani anasema kama halitakuwa zee, basi lete hela za watu wazima. Katikati ya hao wawili yuko baba wa Same na hela ya shangazi, ambayo ilikuwa inatosha kununua gari likiwa Yokohama na kuliangalia picha.

Kitu kimoja nakiri wamekifuta: ile leseni ya gari ya kila mwaka, iliyokuwa ikitubandikisha stika kwenye kioo, iliondolewa mwaka 2017. Ikahamia kwenye usajili na kwenye lita ya mafuta. Ndiyo maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei mpya, mimi huvaa miwani.

Basi tukakubaliana kutafuta la mkononi. Hapo ndipo nilipokutana na madalali.

Dalali wa magari ana lugha yake. Gari haina shida, ni kuwasha na kuondoka. Injini haijafunguliwa. AC ni barafu. Mmiliki ni mmoja. Na mmiliki huyo siku zote ni mwalimu wa kike anayekwenda nalo kanisani tu. Nimetazama magari Same, Mwanga na Moshi, na kwa idadi ya walimu wa kike waliokuwa wakiyamiliki, sijui hao wanaosema mishahara ya walimu haitoshi wanaongelea nchi gani. Moja la Moshi lilikuwa la rangi ya samawati mbele na ya samawati nyingine nyuma. Nikamuuliza dalali kulikoni. “Jua hilo, mzee wangu.” Jua limechomoza upande mmoja wa gari peke yake. Fundi wangu, aliyekuwa amepanda basi na mimi kwa nauli yangu, akapiga magoti akachungulia chini, akainuka, akapangusa mikono, akasema twende tukanywe chai.

Fundi huyo alikuwa na wimbo wake mmoja, IST. “Baba, chukua IST. Spea zake hata duka la Mangi zipo, baina ya sabuni na chumvi.” Sikuweza kumbishia, ukikaa stendi ya Same saa moja utaona IST nyingi kuliko mbuzi. Ila bei yake ilikuwa imeshajua kwamba inapendwa.

Karibu kila kigari nilichokiwasha kulikuwa na mwanamke wa Kijapani ndani. Unazungusha ufunguo, anakusemesha, sentensi moja ndefu, kwa sauti ya upole, kisha ananyamaza. Hakuna mmiliki aliyewahi kumjibu. Pengine anauliza kadi ya kulipia barabara za kwao. Pengine anatuonya juu ya breki. Kisha unawasha redio, na redio inaishia 90, kwa sababu Japani masafa yao ya FM yanaanzia 76, na yale magari ya zamani yanakoma hapo ambapo za kwetu ndiyo kwanza zinapasha koo. Binti alilia kwa hilo kuliko alivyoililia Mark X. Mimi nikaona ni kifaa cha usalama: dereva mpya hana stesheni ya kuhangaika nayo, anamsikiliza Mjapani mara moja asubuhi, basi.

Lililotufaa tulilipata mwishoni kwa Msabato mmoja wa upande wa Suji. Passo, lakini ile ya cc 1300, ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Namba C, rangi ya fedha pande zote. Fundi alipochungulia chini hakudai chai. Tabu ikawa kuonana. Wasabato wapo milimani kwetu tangu mwaka 1903, na katika muda wote huo hawajauza gari Jumamosi. Ijumaa jua likizama, simu ya muuzaji inazimwa. Inawashwa Jumamosi jua likizama, wakati mimi ndiyo nimo kwenye mazoezi ya kwaya. Jumapili niko kanisani. Siku za kazi mwajiri wangu hana imani na shughuli za magari. Tulikuwa watu wawili wacha Mungu wanaotaka kuuziana kitu kwa amani, na ibada ndiyo iliyotuzuia. Hatimaye tukauziana Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi nikiwa na mwanasheria aliyekuwa bado anapiga miayo.

Kwa nini cc 1300 na si ile yangu ya mlango wa sifuri? Kwa la mkononi, zile kodi za bandarini zilishalipwa na mtu mwingine zamani, Mungu ambariki. Halafu kuna mlima, ambao haujali ulilipa nini. Same mjini ni tambarare. Cc 990 inakwenda sokoni na kurudi bila kukohoa. Lakini hakuna mtu anayetoka Same mjini. Ukimuuliza yeyote hapa kwao ni wapi, ananyoosha kidole juu. Unaiacha lami ya kwenda Dar, unakata kushoto kuelekea Mwembe, na muda si mrefu ardhi inasimama. Kona, changarawe, mfereji uliochimbwa na mvua za vuli katikati ya njia, jiwe lililokaa pale tangu enzi za Wajerumani likisubiri sampu ya mtu. Injini ya silinda tatu yenye nguvu za farasi sabini hivi, ikiwa na dereva peke yake, itapanda. Ikiwa na dereva na Wapare wanne, farasi hao wanaanza kuulizana. Na Shengena ukiutazama kule juu, mita 2,460 na zaidi, ukungu umeuvaa, unajua mlima hautashuka kukufuata.

Likabaki jambo la kadi. Gari limenunuliwa, mkataba umesainiwa, TRA wanataka jina la mmiliki mpya. Kaka mkubwa alisema iandikwe jina langu, mimi ndiye baba. Mama watoto akauliza, kwa sauti tulivu kabisa, baba wa nini hasa. Shemeji akapendekeza ukoo. Binti akakumbusha kwamba zawadi ilikuwa yake. Nikaona kesi inanukia, na kesi ya Kipare inarithiwa, vitukuu wanakuja kuimalizia Mahakama ya Rufani. Kwa busara, na kwa muda tu, kadi ikaandikwa jina la shangazi, kwa kuwa hela ilikuwa yake na TIN anayo. Kila mmoja akaridhika, maana hakuna aliyeshinda.

Safari ya kwanza tukasema ni ya kwenda Mbaga, bibi akalione. Binti alikuwa ameshapata leseni yake, L ya mgongoni imebanduliwa. Kigari cha watu watano. Tuliopanda tulikuwa binti, mama yake, kaka mkubwa, shemeji na mimi. Hiyo ni sawa. Kisha mfuko wa sukari, unga wa sembe kilo ishirini na tano, ndoo ya mafuta ya kula, godoro la bibi lililokunjwa, na mtoto wa jirani ambaye hakuna aliyemwona akiingia. Shemeji akawa anasema kila mara, “Ingekuwa Noah,” halafu hamalizii.

Mwembe tukapita vizuri. Kona ya pili ya mlima, kigari kikaanza kuimba. Ya tatu kikashusha sauti. Binti akakiegesha pembeni taratibu, akavuta breki ya mkono, akageuka nyuma.

“Samahani, baba. Naomba mshuke wawili.”

Kaka mkubwa akasema Land Rover isingesimama. Binti akasema, “Ndiyo, baba mkubwa, shikamoo, lakini hii si Land Rover.” Alisema hivyo bila jeuri hata kidogo, na ndicho kilichoniuma. Akaeleza kwamba kwenye mlima dereva ndiye mwenye chombo, mwalimu wao kasema, na kwamba watakaoshuka ni wenye uzito. Macho ya gari zima yakanijia mimi. Mtoto wa jirani naye akanitazama.

Nikashuka, mimi na shemeji. Kigari kikatikisa mabega kikapanda. Tukakaa kwenye jiwe mpaka ikaja bodaboda, kijana mmoja ana pikipiki na sandarusi ya mkaa. Akatuangalia, akaangalia vumbi la gari linavyopanda mbele. “Wazee, gari yenu imeharibika?”

“Haijaharibika,” nikamwambia. “Imejaa.”

Akatutoza elfu tano kila mmoja, akahamishia mkaa kwenye tangi, akatupakia wote wawili nyuma kinyume cha kila sheria niliyoitaja huko juu, na kona mbili mbele tukawapita. Binti akatupungia mkono. Hakuongeza mwendo.

Bibi alikizunguka kigari mara mbili, akakipapasa bodi, akauliza kama kamemaliza kukua au bado kanaongezeka. Kisha akasema atashuka nako yeye, ana kliniki ya macho Same, pamoja na mikungu ya ndizi na kiroba cha tangawizi cha mama watoto. Sikungoja kuambiwa. Nikampigia bodaboda.

Kuteremka ndiko kulikonifurahisha, ingawa nilikuona kwa mgongoni mwa mtu. Binti alivuta gia akaiweka kwenye 2, penye mteremko mkali akaishusha kwenye L, kigari kikanguruma na kushuka hatua kwa hatua, taa za breki zinawaka mara moja moja tu. Kaka mkubwa, nasikia, alimwambia anaua injini, aweke D iteleze, mafuta yaokoke. Binti akamuuliza kama anaisikia harufu. Chini ya kona kulikuwa na gari la watu wengine limesimama, breki zinafuka moshi, dereva anazimwagia maji ya kunywa. Kaka hakusema tena mpaka Mwembe, na yule ni mtu ambaye hata msibani hunyamazishwa kwa wimbo.

Jioni hiyo nikampigia dada yangu kumshukuru. Nikamweleza mtoto anavyoendesha, mlima, bibi, yote isipokuwa habari za bodaboda. Akafurahi sana. Akasema basi vizuri, kwa sababu Desemba wanakuja wote kula Krismasi nyumbani, yeye, mume wake, watoto, msichana wa kazi na masanduku, na wakwe zake wameomba kuuona mlima.

“Mje mnipokee stendi na gari langu,” akasema. “Na mlioshe.”